Kichwa kinachoanzia kisogoni: kisa cha mshonaji na kazi ya mikono kwenye tishu laini

Mshonaji wa nguo, miaka 38, amekuja na maumivu ya kichwa yanayomsumbua kwa mwezi wa nane mfululizo sasa. Maumivu yanaanzia kisogoni upande wa kulia, yanapanda nyuma ya sikio, yanatua nyuma ya jicho la kulia. Kushoto hayajawahi kuhamia. Siku nne za wiki yapo, na kazi zikirundikana yapo kila siku. Alishakwenda kwa tabibu mmoja wa kiropraktiki, tiba ya kurekebisha pingili za mgongo kwa mikono, akarekebishwa pingili za shingo mara tatu. Kila mara shingo ilialika, akatoka mwepesi, na baada ya siku moja au mbili kichwa kikarudi palepale. Kisha akapita kwa mtu mwingine aliyemkwaruza shingo na bega kwa kifaa cha chuma, akamwachia michubuko ya zambarau pamoja na maelezo kwamba ile ni sumu inayotoka mwilini.

Mgonjwa huyu nimemuunda kutokana na wagonjwa kadhaa wanaofanana, asije akatambulika yeyote, na vipimo nitakavyovitaja ni vya aina inayokutwa kwa watu wenye tatizo lake. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo kazi ya mikono kwenye misuli inasaidia kweli, na mahali ambapo inapewa sifa isiyo yake.

Swali langu la kwanza halikuhusu shingo. Nilimuuliza anakunywa nini. Akafungua mkoba, akatoa pakiti iliyobaki vidonge viwili: parasetamoli iliyochanganywa na kafeini. "Hivi havina shida, daktari, vinauzwa bila cheti." Siku ngapi kwa wiki? Nne, wakati mwingine tano. Kwa mwezi hizo ni siku 16 na zaidi, na ameenda hivyo karibu nusu mwaka. Mwongozo wa kimataifa wa kuainisha maumivu ya kichwa umeweka mpaka: dawa rahisi ya aina moja, kama parasetamoli au ibuprofeni peke yake, ikinywewa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, inaweza yenyewe kuchochea maumivu. Kwa dawa za mchanganyiko mpaka ni siku 10. Yeye amevuka yote miwili. Mtu anayemkanda bila kuuliza jambo hili atamkanda mpaka achoke, na mgonjwa atabaki na kichwa chake.

Halafu kuna yale yanayoweza kuua. Ateri ya shingo ikichanika ukuta wake kwa ndani, dalili ya kwanza huweza kuwa maumivu ya shingo na kichwa tu, na mwenye maumivu hayo huenda moja kwa moja kwa anayekanda shingo. Kwa hiyo kabla ya kugusa niliuliza kama maumivu yalikuja ghafla kwa nguvu ambayo hajawahi kuiona, kama kuna homa, kama ameanguka au kupata ajali, kama anaona vitu viwili viwili, kama ulimi unakuwa mzito, kumeza kunasumbua, uso unakufa ganzi, au anayumba akitembea. Nikapima shinikizo la damu, nguvu za mikono, hisia za ngozi, na jinsi misuli inavyoruka ikigongwa kwa nyundo. Hakuna kilichotisha. Kama kingekuwepo kimoja tu, kisa hiki kingeishia hapo kwa barua ya kumpeleka hospitali siku ileile.

Uchunguzi wa shingo ndio uliotoa picha. Kugeuza kichwa kushoto alifika nyuzi 75, kulia 55. Kipimo ninachokiamini zaidi kwa watu wa aina hii ni kile cha kukunja shingo mpaka kidevu kikaribie kifua, kisha kugeuza kichwa kikiwa hivyohivyo. Mkao huo unafunga pingili za chini, ukaiachia pingili ya kwanza na ya pili sehemu kubwa ya kazi. Asiye na tatizo hufika takriban nyuzi 44 kila upande, na akiishia chini ya 32 hivi, kuna jambo pale juu. Kushoto alifika 42. Kulia aliganda kwenye 25 na kusema kichwa kimeanza.

Kisha vidole. Chini ya mfupa wa kisogo, kila upande, kuna misuli minne midogo iliyojificha chini ya misuli mingine. Niliibonyeza taratibu upande wa kulia, na baada ya kama sekunde tano akanyanyua mkono: "Hapo! Ndiyo yenyewe, inakuja mpaka jichoni." Hilo ndilo unalolitafuta. Kila shingo ina mahali panapouma ukipabonyeza, hata ya mtu mwenye afya kabisa. Panapohesabika ni mahali panapoyaamsha maumivu yale aliyokuja nayo. Msuli wa trapezi juu ya bega nao ulimpeleka kwenye panja la kulia. Msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi mtulingani uliuma, lakini maumivu yake akasema ni mageni kwake, kwa hiyo nikaupa nafasi ya mwisho.

Kwa nini kubonyeza kisogo kunaumiza jicho? Neva tatu za juu za shingo na neva ya hisia za uso, ile inayohudumia paji na jicho, huleta taarifa zake kwenye kituo kimoja, pale shina la ubongo linapokutana na uti wa mgongo. Zikifika pamoja, ubongo unakosea anwani. Ramani za maumivu yanayosafiri namna hii zilichorwa kwa undani na Janet Travell na David Simons, madaktari wa Marekani. Travell ndiye aliyemtibu mgongo Rais Kennedy. Ramani hizo ninazitumia kama dokezo la pa kutafuta. Nadharia iliyo nyuma yake, kwamba kuna vifundo maalumu ndani ya msuli, bado inabishaniwa, na watahini wawili wakimpima mgonjwa mmoja mara nyingi hawakubaliani kifundo kiko wapi. Kipandauso pia huja na maumivu ya shingo, na wengi wanaokuja wakisema shingo inaleta kichwa wana kipandauso. Mama huyu hakuwa na kichefuchefu, mwanga haukumkera, kichwa hakikupwita, na tungeweza kukiwasha na kukizima kwa shingo. Hivyo nikaegemea upande wa shingo, nikiacha mlango wazi.

Sasa, kwa nini marekebisho matatu ya pingili hayakudumu? Kiropraktiki ilianzia kwenye mfupa. Daniel David Palmer aliianzisha Davenport, jimbo la Iowa, mwaka 1895, akiamini pingili iliyohama ndiyo mzizi wa magonjwa mengi, na mawazo hayo yameacha alama: hadi leo wapo wanaouona msuli kama mtumishi wa mfupa, ukiurekebisha mfupa msuli utatii. Waliopinga hilo walitoka ndani ya fani yenyewe. Raymond Nimmo, tabibu wa kiropraktiki wa Marekani, aligeukia misuli katikati ya karne ya 20 na kuuliza mfupa unahama vipi bila kuvutwa. Baadaye Michael Leahy, naye wa kiropraktiki, akaja na mbinu ya kukandamiza msuli huku mgonjwa akiurefusha mwenyewe. Mimi siamini kwamba msuli ndio mfalme na mfupa ndio mtumishi. Naona tu kwamba msukumo wa haraka kwenye kiungo hupunguza maumivu kwa muda, na mtu akirudi siku hiyohiyo kwenye cherehani, shingo imeinama mbele kwa muda wa saa tisa, nafuu hiyo inakwisha upesi.

Hapo nilimwomba anionyeshe anavyokaa kazini. Akavuta kiti, akainamia meza, na bila kufikiri akabana midomo kana kwamba ameshika kitu. Pini. Anaziweka mdomoni tangu alipojifunza kushona, nne au tano kwa wakati, meno yamebana ili zisidondoke. Taya linalobana siku nzima huipa kazi misuli ya panja na ya shingo kwa pamoja. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na hata mimi nisingejua kama angekaa kitandani tu akijibu maswali.

Siku ya kwanza nilifanya mambo matatu, hakuna kati yake lililotoa mlio wowote. Msuli wa trapezi niliushika kwa kidole gumba na vidole viwili, nikaunyanyua kidogo kutoka begani, nikaubana mpaka aseme maumivu ni tano kwa kumi, kisha nikatulia hapo. Sikuongeza. Kwa kawaida kati ya sekunde 30 na 90 mgonjwa husema yanapungua ilhali nguvu ya mkono ni ileile. Kwake yalishuka hadi mbili. Mkandaji anayebonyeza mpaka mtu ang'ate meno anapata msuli unaojikaza kujilinda, halafu anaushangaa kwa nini haulegei.

Kisogoni nilikaa nyuma ya kichwa chake, yeye amelala chali, nikasimamisha ncha za vidole chini ya mfupa na kuacha kichwa kilale juu yake. Mtu akitazama ataona hakuna kinachofanyika. Uzito wa kichwa ndio unaofanya kazi, vidole vinasubiri. Dakika ya kwanza vidole vinahisi ugumu, kama ya tatu vinaanza kuzama, na pumzi ya mgonjwa inabadilika kabla ya msuli. Baada ya hapo nikamwambia atazame kulia kwa macho tu na kusukuma kichwa kwenye kiganja changu kwa nguvu ndogo mno, moja ya tano ya uwezo wake au pungufu, sekunde kumi, kisha avute pumzi, aitoe, aachie. Karel Lewit wa Prague aliieneza mbinu hii, na uzuri wake ni kwamba mgonjwa ndiye anayefanya. Tulirudia mara nne, kila mara kichwa kikigeuka mbele kidogo zaidi.

Msuli mrefu wa mbele niliugusa wiki za baadaye, na pale kuna sharti: unashikwa kwa kunyanyuliwa kutoka shingoni, haubonyezwi kuelekea koo. Chini yake inapita ateri kubwa ya kichwani yenye vipima shinikizo ukutani, na kuibonyeza kunaweza kushusha mapigo ya moyo mpaka mtu azimie.

Siku ile ya kwanza, kipimo cha kugeuza kulia shingo ikiwa imekunjwa kiliporudiwa dakika chache baadaye kilisoma 36, na maumivu yalishuka kutoka sita hadi tatu. Kilichotokea hapo kinaelezwa vibaya mara nyingi.

Alipouliza kama nimevunja vifundo, nilimwambia hapana. Maelezo kwamba mikono au chuma huvunja makovu na kuachanisha tando zilizogandana yanapendwa kwa sababu yanaeleweka upesi. Lakini hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 kuhusu utando mgumu wa paja na ule wa unyayo zilionyesha kwamba kuubana au kuuhamisha hata kwa asilimia moja tu kunadai nguvu kubwa kuliko mkono wa binadamu unavyoweza kutoa. Tishu haijengwi upya kwa dakika kumi. Kinachobadilika kwa kasi hiyo ni mfumo wa fahamu: mguso na mkandamizo hupunguza ishara za maumivu njiani, ubongo unalegeza ulinzi, na msuli uliokuwa umejikaza unaruhusu mwendo ambao ulikuwapo muda wote. Ndiyo maana mwendo huo hurudi nyuma usipotumiwa.

Je, maelezo yana umuhimu kama mtu anapata nafuu? Yana. Aliyeambiwa ana makovu yanayohitaji kuvunjwa atatafuta mkono mzito zaidi kila wiki. Mama huyu alikuwa ameshafika huko: alinionyesha michubuko ya bega akiwa na fahari kidogo, ushahidi kwamba kazi imefanyika. Wekundu wa ngozi baada ya kukwaruzwa ni jambo la kawaida. Zambarau inayokaa wiki ni vishipa vidogo vya damu vilivyopasuka, haina sumu yoyote ndani yake, na kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kifaa hicho hakifai kabisa. Sehemu zile niliziacha mpaka zipone. Sina ugomvi na vifaa vya chuma vyenyewe. Faida yake kubwa, ambayo wanaoviuza hawaitaji sana, ni kwamba vinaokoa vidole gumba vya tabibu.

Mazoezi yalianza siku ileile, shingo ikiwa bado imefunguka. Alale chali, aitikie "ndiyo" kwa kidevu bila kunyanyua kichwa, ashikilie sekunde kumi, arudie mara kumi. Ni zoezi linaloonekana la kitoto, na alichoka kwenye la nne. Utafiti wa Gwendolen Jull na wenzake nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2002 kwa watu 200 wenye kichwa kinachosababishwa na shingo, uliwapa wengine matibabu ya mikono, wengine mazoezi ya aina hii, wengine vyote, kwa wiki sita. Makundi hayo yote matatu yalipata nafuu kuliko waliokosa, na baada ya miezi 12 nafuu ilikuwa bado ipo. Huo ulihusu mikono kwenye viungo zaidi kuliko kwenye misuli, kwa hiyo siutumii kuitetea kazi yangu ya kisogoni. Ninautumia kumtetea yeye asiachiwe aondoke bila mazoezi. Kazini, cherehani iliinuliwa, taa ikasogezwa asiilazimishe shingo kuinama, na pini zikahamia kwenye kimto cha kufunga mkononi.

Wiki ya pili alikuja amekasirika. Daktari wake wa kawaida alikuwa amekubali asimamishe vidonge, na kichwa kikawa kibaya kuliko siku zote tangu aanze. "Ulisema nitapata nafuu. Mbona nazidi?"

Nafikiri hapa ndipo visa vingi vya aina hii vinapoharibika. Tabibu anaingiwa na hofu na kuongeza: mkono mzito zaidi, mbinu mpya, marekebisho mengine ya pingili. Mgonjwa naye anahitimisha kwamba matibabu yamemdhuru na kurudi kwenye pakiti. Nilimuuliza tena kila kitu kana kwamba ni mgeni. Kichwa cha sasa kilikuwa pande zote mbili, kizito, kikimkuta asubuhi kabla hajagusa kitambaa. Kile cha zamani kilikuwa cha kulia na kilikua kadiri siku inavyokwenda. Kugeuza kulia shingo ikiwa imekunjwa kulisoma nyuzi 38, na kubonyeza kisogo hakukuamsha kichwa alichokuja nacho. Dalili za hatari niliziuliza upya, na nikapima upya. Shingo ilikuwa imepata nafuu huku kichwa kikizidi, jambo ambalo lingekuwa gumu kulieleza kama chanzo kingekuwa mikono yangu. Maumivu ya kuacha dawa huchukua kwa kawaida kati ya siku 2 na 10. Yeye alikuwa siku ya sita. Siku hiyo nilifanya kisogo peke yake, kwa upole, nikampigia daktari wake, na nikamwambia ukweli: zimebaki siku chache mbaya. Kafeini aliyokuwa akiipata vidongeni nayo ilikuwa imekatika ghafla, na hiyo peke yake inatosha kumuumiza mtu kichwa.

Msukumo wa haraka shingoni sikuufanya. Mara tatu zilishafanyika, matokeo yake tuliyajua, na kwenye shingo hatari ndogo bado ni hatari. Mgongo wa juu, kati ya mabapa ya mabega, niliurekebisha mara moja kwa kuwa ulikuwa umekakamaa na alipumua vizuri zaidi baadaye.

Baada ya wiki nane siku za kichwa zilishuka kutoka nne kwa wiki hadi moja, na hiyo moja aliivuka bila kidonge. Dodoso la ulemavu wa shingo, lile lililotungwa na Howard Vernon wa Kanada mwaka 1991, lilisoma 18 kati ya 50 alipoanza na 7 alipomaliza.

Ni nini kilichofanya kazi? Siwezi kutenganisha. Vidonge viliachwa, mazoezi yalifanyika, meza ilibadilika, taya lilipumzika, mikono ilifanya yake, na muda ulipita. Watu huja kwa tabibu wakiwa kwenye hali mbaya kuliko zote, na kutoka hapo wengi hupanda hata bila msaada. Nikilazimishwa kupanga, vidonge na mazoezi ningeviweka juu ya mikono. Mikono ningeitetea kwa jambo moja: bila nyuzi zile kumi na moja za siku ya kwanza, ambazo alizihisi mwenyewe, sidhani kama angekubali kuacha dawa wala kulala chali akiitikia dari kwa wiki nane.

Siku ya kumaliza aliomba aendelee kuja kila wiki, kwa kinga. Nilikataa. Nilimfundisha kujipima: alale, akunje kidevu, ageuze kichwa kila upande, na alinganishe. Kulia kukianza kukwama, arudie mazoezi kila siku kwa wiki mbili. Kisipofunguka, au kichwa kikija kwa sura mpya, aje. Na kidonge chochote cha kichwa akiandike kwenye kalenda siku anayokinywa. Zikifika siku nane katika mwezi mmoja, asisubiri ya kumi.